Tusifunge mitambo kwenye daladala tukaiacha hesabu ya tajiri

Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hali huwa ni ile ile katika vituo vya pembezoni mwa jiji la Arusha. Kwa Mrombo, Sombetini, Moshono, Ngulelo na Ngaramtoni, wafanyakazi wa viwandani, wauguzi, mama lishe, mafundi na wanafunzi husimama kandokando ya barabara wakingoja usafiri. Huweza kupita nusu saa nzima bila gari hata moja kutokea. Kisha daladala tatu huja kwa pamoja, zikifukuzana na kupigiana honi, kila moja ikitaka kuwahi abiria wa mwenzake. Ya kwanza hujaa hadi mlangoni. Ya tatu huondoka nusu tupu. Mwanafunzi mwenye sare hubaki pale pale, kwa sababu konda hamtaki.

Wakati huo huo, basi lililoondoka Arusha alfajiri kuelekea Dar es Salaam linapita Boma Ng'ombe, na mwendo wake unajulikana. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, inao mtambo wa kufuatilia mabasi ya mikoani, mtambo ulioanza enzi za SUMATRA na kurithiwa na LATRA ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Dereva wa basi hilo akizidisha kilomita 80 kwa saa, habari zake hufika kwenye kompyuta kabla hajafika Moshi.

Hapo ndipo swali la makala hii linapozaliwa. Ikiwa tunaweza kulifuatilia basi moja kwa zaidi ya kilomita mia sita, kutoka chini ya Mlima Meru hadi pwani, kwa nini hatujui daladala ya Kwa Mrombo iko wapi? Na tukishajua iko wapi, je, abiria wa Kwa Mrombo atakuwa amepata faida gani?

Watu wengi hujibu swali la kwanza kwa haraka. Husema tufunge vifaa, mambo yatanyooka. Mwandishi wa makala hii anaunga mkono kufungwa kwa vifaa hivyo. Lakini anasisitiza kwamba swali la pili ndilo zito, na kwamba tukilikwepa tutatumia fedha nyingi kununua mitambo itakayotuonyesha kwenye kioo cha kompyuta fujo ile ile tunayoiona kila siku kwa macho yetu.

CHOMBO CHENYEWE

Ni vema kwanza tukielewe chombo tunachokizungumzia. Kifaa kinachofungwa ndani ya gari ni kidogo, hakizidi ukubwa wa kiganja. Hupokea ishara za satelaiti, hutambua gari lipo wapi na linakwenda kwa kasi gani, kisha hutuma habari hizo kwa njia ya mtandao wa simu hadi kituo cha kuongozea. Dereva huweza kutakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka, ili ijulikane ni nani hasa aliyeshika usukani. Hakuna uchawi ndani yake. Ni elimu ile ile iliyomo katika simu ya mkononi.

Faida yake tumekwisha kuiona. Kwa muda mrefu, tangu miaka ya 1990, mabasi ya mikoani yalikatazwa kusafiri usiku kutokana na ajali nyingi. Mwaka 2023 yaliruhusiwa tena, na mojawapo ya sababu zilizowezesha uamuzi huo ni kwamba sasa mwendo wa basi ungeweza kufuatiliwa hata gizani.

Katika nchi nyingine hatua imekwenda mbele zaidi. Magari huzungumza na taa za barabarani, na taa huzungumza zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 2012, katika jiji la Pittsburgh nchini Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walifunga mtambo katika makutano tisa ya barabara. Taa za kila makutano zilihesabu magari yanayokuja na kuzipa habari taa za makutano jirani. Muda wa safari ulipungua kwa karibu robo, na moshi kwa karibu moja ya tano. Hakuna barabara mpya iliyojengwa pale. Kilichobadilika ni kwamba magari yaliacha kusimama bila sababu.

Nasi tunahitaji sana kuacha kusimama bila sababu. Sensa ya mwaka 2012 ililikuta jiji la Arusha likiwa na watu zaidi ya 416,000. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya 617,000. Katika miaka kumi tu jiji lilipokea watu laki mbili, na wengi wao wanaishi kule pembezoni ambako nauli ni lazima na miguu haitoshi. Serikali haikukaa kimya. Barabara ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, imepanuliwa kuwa ya njia nne, na barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4 imejengwa ili malori yaendayo Namanga, Holili na Dodoma yasilazimike kupita katikati ya mji. Ni kazi kubwa, na kila mkazi anaiona. Lakini barabara pana huitoa foleni Sakina na kuileta haraka zaidi Kilombero na barabara ya Sokoine. Barabara ya Sokoine haina mahali pa kupanuliwa, na hakuna anayeweza kuusogeza Mnara wa Saa.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Injini ndogo ya petroli inayonguruma gari likiwa limesimama huteketeza kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Tuchukue magari mia moja tu, kila moja likisimama hivyo kwa nusu saa kwa siku, na tuchukue kiwango cha chini cha nusu lita. Hizo ni lita 25 kwa siku. Kwa siku 300 za mwaka ni lita 7,500. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo magari hayo mia moja yametoa zaidi ya tani 17 bila kumfikisha mtu yeyote popote. Sasa msomaji na ajiulize: je, ni magari mia moja tu yanayosimama Arusha? Mafuta hayo yote yameagizwa nje ya nchi kwa fedha za kigeni, zile zile tunazozihitaji kwa dawa na vipuri.

Pia tukumbuke mahali tulipo. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini kuukuu ya dizeli isiyopata hewa ya kutosha hutoa moshi mweusi zaidi. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapotanda na mawingu yakaufunika Mlima Meru asubuhi kutwa, moshi huo huelea vichwani mwa watoto waendao shule. Wageni huja kutoka mbali kuvuta hewa ya mlima wetu. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara huivuta hewa nyingine.

KUPISHANA KWA MAGARI

Mtambo ungeweza kusaidia nini? Jibu la kwanza wala halihitaji taa za Pittsburgh. Makutano mengi ya Arusha huongozwa na mizunguko na askari wa usalama barabarani, na hivyo itakuwa kosa kuanzia kwenye taa. Tuanzie kwenye nafasi kati ya gari na gari.

Tuseme njia moja ina daladala 20, na safari nzima ya kwenda na kurudi huchukua dakika 100. Magari hayo yakipangwa vema, moja litatokea kituoni kila baada ya dakika tano. Abiria wetu wa Kwa Mrombo anangoja nusu saa ingawa magari yapo. Yako wapi? Mengine yamelala Kilombero yakingoja kujaa, injini zikiwaka na wapiga debe wakipiga kelele. Mengine yanafukuzana njiani yakiwa matatu matatu. Kituo cha kuongozea kingeyaona yote. Kingemwambia huyu aondoke sasa, yule apunguze mwendo, na wa tatu asubiri dakika nne. Magari ni yale yale na barabara ni ile ile, lakini muda wa kungoja ungepungua.

Jambo la pili ni ramani. Jijini Nairobi, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu za mkononi na kuandika kila njia na kila kituo. Mwaka 2014 walitoa ramani ya njia zaidi ya 130 ambazo kabla ya hapo hazikuwa zimeandikwa kwa pamoja mahali popote. Habari hizo waliziweka wazi kwa kila mtu. Kazi kama hiyo haihitaji mkopo wa mabilioni. Vyuo tunavyo Arusha na Tengeru, na vijana wenye simu wamejaa.

Jambo la tatu ni kuwaweka wenye mamlaka mezani pamoja. Leo barabara kuu ziko chini ya TANROADS, mitaa iko chini ya TARURA, leseni za njia hutolewa na LATRA, vituo ni vya Halmashauri ya Jiji, na sheria husimamiwa na polisi. Kila mmoja anaona kipande chake. Foleni haijui mipaka hiyo. Picha moja ya jiji zima, inayoonwa na wote kwa wakati mmoja, ingekuwa mwanzo wa kuongea lugha moja.

HESABU

Mpaka hapa wapenzi wa mitambo watakuwa wameridhika. Sasa tuje kwenye jambo ambalo mara nyingi haliandikwi katika michoro ya wataalamu.

Waulize madereva wa daladala mahali popote Arusha kwa nini wanafukuzana. Hawatakujibu kwamba wanapenda hatari. Watakutajia neno moja: hesabu. Asubuhi dereva hukabidhiwa gari na kupewa kiwango cha fedha ambacho ni lazima kimfikie mwenye gari jioni. Mafuta ni juu ya dereva. Faini ya barabarani mara nyingi ni juu yake pia. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho ujira wake na wa konda wake. Siku ya foleni kisipobaki kitu, wanarudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake deni linawangoja. Wengi wao hawana mkataba wa maandishi, hawana likizo, wala hawachangiwi mfuko wa hifadhi ya jamii.

Tuutazame mpango huu kwa makini, maana ndiyo mashine ya kweli inayoliendesha jiji. Mwenye gari ndiye mwenye uwezo wa kubadili mambo: kununua gari jipya, kutengeneza injini isitoe moshi, kukubaliana na wenzake kupanga zamu. Lakini foleni haimgusi, kwa kuwa hesabu yake ni ile ile foleni iwepo au isiwepo. Dereva naye ndiye anayeumia kwa foleni, mafuta na muda, lakini hana uwezo wa kubadili lolote. Mwenye nguvu haumii, na anayeumia hana nguvu. Katika hali kama hiyo jiji halitapona kwa kununuliwa kompyuta.

Mwanafunzi aliyeachwa kituoni ni tunda la mpango huo huo. Nauli zilipopandishwa Desemba 2023, nauli ya mtu mzima kwa safari fupi za mjini ilitoka shilingi 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki kulipa shilingi 200. Ni uamuzi wa haki kwa wazazi. Lakini kwa konda mwenye hesabu, mtoto mmoja aketipo ni shilingi 400 zilizopotea. Tumemlaumu konda kwa ukatili kwa miaka mingi. Ni haki kumkemea. Lakini ni nani aliyemfanya achague kati ya mtoto wa mwenzake na chakula cha mtoto wake?

Sasa tuchukue kifaa chetu tukifunge ndani ya gari lenye hesabu. Kituo kinamwambia dereva asubiri dakika nne ili magari yapishane vizuri. Dakika nne hizo ni abiria sita watakaochukuliwa na mwenzake. Atasubiri? Hatasubiri. Atakilaani kifaa, na siku ya tatu atajifunza kukikata waya.

Haya si maneno ya kutisha. Majirani zetu wameyapitia. Februari 2004, Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, marehemu John Michuki, aliamuru matatu zote zifungwe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa pamoja na mikanda ya usalama. Nchi nzima ilitii, na hatua ile ilisifiwa Afrika Mashariki yote. Lakini hesabu ya kila siku ilibaki ilivyokuwa, na haukupita muda mrefu vidhibiti vingi vikawa vimechezewa, vingine vikibaki kama mapambo ya siku ya ukaguzi. Chuma kilishindwa na njaa.

Na sisi wenyewe tuseme ukweli kuhusu tulikotoka. Mashirika ya umma ya UDA na KAMATA yaliyogawanywa mwaka 1974 yaliwalipa madereva mishahara, na dereva wa UDA hakuwa na sababu ya kumfukuza mwenzake. Lakini mabasi yalikufa kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni, watu wakajazana vituoni, hadi mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa rasmi. Daladala ziliingia kuziba pengo la kweli, na waliozileta wanastahili shukrani. Hali kadhalika mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Dar es Salaam mwezi Mei 2016 yana dereva wa mshahara, njia yake peke yake na kituo cha kuongozea. Mabasi yalipopungua, abiria walijazana vile vile. Fundisho ni moja kwa pande zote: mtambo haubebi abiria, na mshahara peke yake hauleti basi. Vyote viwili vyahitajiwa, pamoja na gari zima.

HABARI NI ZA NANI?

Lipo pia swali la umiliki. Kila gari linalotuma habari zake linazalisha mali. Habari za wapi watu wanapanda, saa ngapi na kwa bei gani, ni mali kama kahawa ya Meru. Anayezikusanya peke yake ndiye atakayepanga bei.

Kwa kweli magari yaliyounganishwa na mtandao yamekwisha kuingia mjini mwetu kwa mlango mwingine, kupitia programu za simu za kuitia teksi, bajaji na bodaboda. Dereva wa programu hiyo hupangiwa safari na mtambo ulioko ng'ambo, na sehemu ya nauli yake hukatwa. Mwaka 2022 LATRA ilipoweka kikomo cha makato hayo kuwa asilimia 15, kampuni ya Uber ilisimamisha huduma zake za kawaida nchini. Ilirudi mwanzoni mwa mwaka 2023 kikomo kilipopandishwa hadi asilimia 25. Msomaji na atafakari mvutano ule. Barabara ni zetu, magari ni yetu, madereva ni wetu, abiria ni wetu, lakini aliyeshika habari alikuwa na nguvu ya kufunga mlango.

Kwa hiyo habari za daladala za Arusha ziwe chini ya mamlaka ya umma, na zile zisizomhusu mtu binafsi ziwekwe wazi kama walivyofanya Nairobi. Na zile zinazomhusu mtu zilindwe. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 pamoja na Tume yake. Bodaboda hapaswi kufuatiliwa hadi mlangoni kwake usiku kwa kisingizio cha kupunguza foleni. Aidha, habari za kifaa zisitumiwe kumtoza dereva faini peke yake huku anayempangia hesabu isiyowezekana akiwa hatajwi popote. Kama kompyuta inaona kwamba gari fulani huzidi mwendo kila siku saa mbili usiku, basi ione pia kwamba ni saa ile dereva anapohangaika kutimiza hesabu.

WANAOPINGA

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya Ulaya, na kwamba jiji lenye mashimo mitaani halina haja ya satelaiti. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini inasahau kwamba simu ya mkononi nayo ilikuwa ya Ulaya, na leo mama muuza ndizi wa soko la Tengeru hupokea malipo kwayo. Wapo watakaosema mwenye gari si bepari, ni mwalimu mstaafu aliyenunua Hiace moja kwa kiinua mgongo chake. Hilo ni kweli kwa wengi, na ndiyo sababu makala hii haimwiti mwenye gari adui. Mstaafu huyo naye yuko peke yake. Hana karakana, hana gari la akiba, hana bima ya kutosha. Hesabu ndiyo njia pekee anayoijua ya kulinda akiba yake. Apewe njia nyingine.

Njia hiyo ni ushirika wa kweli wa njia. Jijini Kigali, mwaka 2013, njia za mabasi ziligawanywa katika kanda, zikakabidhiwa kwa kampuni mbili na shirikisho la vyama vya ushirika. Malipo ya kadi yalifuata baadaye. Hawakumaliza matatizo yote, kwani miaka kumi baadaye wakazi walikuwa bado wanalalamikia uhaba wa mabasi na Serikali ikalazimika kuagiza mengine. Lakini walianza mahali panapostahili: walimpanga kwanza mwenye gari na mfanyakazi wake, kisha wakaleta mtambo.

Lazima pia tukiri kile ambacho mtambo hauwezi. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni kwenye barabara ya Arusha hadi Namanga, lori lililoshindwa kufunga breki liliyagonga magari mengine na kuua watu 25. Kifaa cha satelaiti kingeandika kasi ya lori lile hadi sekunde ya mwisho, lakini kisingefunga breki zake. Breki hufungwa na fundi, hukaguliwa na mkaguzi, na hugharamiwa na mwenye gari. Mtu asije akatuambia kwamba kwa kuwa tuna kompyuta hatuhitaji tena ukaguzi.

TUANZE WAPI?

Tuanze padogo, mahali panapopimika. Zichaguliwe njia mbili, moja ya Kwa Mrombo hadi katikati ya mji na nyingine ya Ngaramtoni hadi Kilombero. Wenye magari wa kila njia waunganishwe katika ushirika mmoja, na leseni ya njia itolewe kwa ushirika huo badala ya gari moja moja. Nauli zote ziingie mfuko mmoja. Kila mwenye gari alipwe kwa kilomita ambazo gari lake limekwenda, na kifaa ndicho kitakachozihesabu bila ugomvi. Dereva na konda walipwe mshahara kwa mkataba. Hapo dereva akiambiwa asubiri dakika nne atasubiri, kwa sababu hazimpotezei kitu. Mwanafunzi atapanda, kwa sababu kiti chake hakitoki mfukoni mwa konda. Na injini itazimwa Kilombero, kwa sababu mafuta yatakuwa ya ushirika mzima na kila mmoja atayaonea uchungu.

Katika kila kituo uwekwe ubao unaoonyesha gari lijalo litafika baada ya dakika ngapi, na asiye na simu ya kisasa naye ajue. Baada ya mwaka mmoja LATRA na Halmashauri ya Jiji watangaze hadharani muda wa kungoja ulivyokuwa na ulivyo sasa, mafuta yaliyotumika na ajali zilizotokea. Yakifaulu, tuendelee Njiro, Moshono na Usa River. Yasipofaulu, tuseme kwa nini.

Fursa ipo, na saa inakimbia. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027, na Arusha ilipangiwa uwanja wa watazamaji 30,000. Watu elfu thelathini wakitoka uwanjani kwa saa moja hawatafikishwa majumbani kwa kufukuzana. Lakini tusilifanye jambo hili kwa ajili ya wageni wa mwezi mmoja. Tulifanye kwa ajili ya muuguzi wa Sombetini anayepaswa kumpokea mwenzake zamu saa moja asubuhi, na kwa ajili ya dereva anayemleta.

Satelaiti zinaiona Arusha yote kutoka juu, pamoja na Meru na mashamba yake. Kinachobaki ni sisi wa chini kupatana. Daladala zikianza kuwasiliana na kituo, basi mwenye gari, dereva, konda na abiria wawe wamekwisha kukaa meza moja na kuizika hesabu. Vinginevyo kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtambo utatuonyesha magari matatu yakija kwa pamoja Kwa Mrombo, na mwanafunzi mmoja akibaki kituoni. Hilo tunalijua tayari.